Siku Zake Nazijua

Maji yakijaa huwezi kuliona. Inabidi usubiri bahari ipwe, tena ipwe ya bamvua, ndipo mdomo wake unapotokeza kwenye tope: bomba la zege ambalo mtoto wa miaka sita anaweza kutambaa ndani yake. Mzee aliyenipeleka kuliona amevua katika maji yale tangu kabla kiwanda hakijajengwa. Jina lake sitalitaja, wala mahali penyewe, maana watoto wa baadhi ya jirani zake wanalishwa na mshahara wa kiwanda hicho hicho, na yeye anaishi nao.

Nilimwuliza ni kitu gani kinachotoka pale. Akajibu huku akichokoa tope kwa kidole cha mguu:

"Mwanangu, jina lake silijui. Siku zake nazijua."

Akaanza kunihesabia. Kuna siku maji hutoka meupe kama chokaa. Hizo ni za usiku, mara nyingi kuamkia siku ambayo ofisi zimefungwa. Kuna siku hutoka ya moto hadi mvuke unaonekana alfajiri. Mvua kubwa ikinyesha hutoka meusi, kwa sababu mvua inaficha mengi. Siku ya pili baada ya yale meusi, kaa hutoka mashimoni mchana kweupe, wakatembea polepole bila kumkimbia mtu, na nyavu hushika utelezi usiotoka hata ukizisugua kwa mchanga. Aliyasema yote haya kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba. Aliwahi kwenda kuyaeleza ofisini. Huko aliulizwa kama ana karatasi ya maabara.

Nimekaa na maneno yake muda mrefu. Tangu siku ile kila ninaposoma habari za pwani iliyoharibiwa na viwanda, nayakuta yakinisubiri. Watu wa pwani wanajua siku. Wenye mamlaka wanadai jina. Na katika pengo hilo, kati ya siku na jina, ndimo watu wanamougulia.

Pengo refu kuliko yote ninayoyafahamu ni la Minamata, mji mdogo ulio katika kisiwa cha Kyushu, Japani, kando ya bahari iliyofungwa na visiwa na kutulia kama ziwa. Kampuni ya Chisso ilikuwa na kiwanda cha kemikali pale, na mwaka 1932 ikaanza kutengeneza asetaldehaidi, kemikali ya viwandani, kwa kutumia zebaki kama kichocheo. Maji machafu yakaelekezwa ghubani. Wavuvi walikuwa wamekwisha kulalamika hata kabla ya zebaki: kampuni iliwalipa fidia mwaka 1926 kwa uharibifu wa uvuvi wao, ikawalipa tena mwaka 1943. Kwa hiyo suala la kama kiwanda kinaidhuru bahari lilikuwa limejibiwa zamani, na jibu likawekwa sahihi na pande zote mbili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 paka wa vijiji vya wavuvi walianza kuyumba. Walizunguka mahali pamoja, wakarukaruka, wakajigonga ukutani, wengine wakatumbukia baharini na kuzama. Watu wakauita ugonjwa wa paka kucheza. Kunguru walianguka kutoka angani. Mwaka 1954 wanakijiji wa mahali pamoja waliuomba uongozi wa mji uwasaidie kuua panya, kwa sababu paka wao karibu wote walikuwa wamekufa. Ombi hilo naliona kama taarifa kamili ya kisayansi. Linasema nani amekufa, wapi, na alikuwa akila nini. Lilichukuliwa kuwa habari ya panya.

Kisha ikawa zamu ya watoto. Tarehe 1 Mei 1956, Dk. Hajime Hosokawa, mkuu wa hospitali ya kiwanda chenyewe, aliiarifu ofisi ya afya kwamba kuna ugonjwa usiojulikana unaoshambulia ubongo na mishipa ya fahamu. Miongoni mwa wagonjwa wa kwanza walikuwa dada wawili wadogo, mkubwa wao akiwa na miaka mitano. Walishindwa kutembea, kuongea, kumeza. Majirani waliogopa kuambukizwa, nyumba za wagonjwa zikapuliziwa dawa, na familia ambazo jana zilikuwa zikivuta nyavu pamoja zikaacha kusalimiana.

Sasa tazama tarehe, maana tarehe ndiyo kesi yangu yote. Kufikia Novemba 1956, miezi sita tu baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walikuwa wamekwisha kusema kwamba hii ni sumu ya metali nzito, na kwamba inaingia mwilini kupitia samaki na kome wa ghuba. Mwaka 1957 uongozi wa mkoa ukataka kutumia sheria ya usalama wa chakula kuzuia samaki wale wasiuzwe. Wizara ya afya ikajibu kwamba haiwezekani, kwa sababu hakuna ushahidi wa wazi kwamba samaki wote wa ghuba ile wana sumu.

Samaki wote! Watu wakila ukumbini wakaanza kutapika, jiko linafungwa usiku ule ule. Hakuna anayesubiri mpaka kila sahani ithibitishwe, wala mpaka kijidudu kipate jina lake la Kilatini. Jina linakuja baadaye, nalo lina kazi yake, lakini jiko limekwisha kufungwa. Kwa nini bahari isifungiwe bomba kwa kanuni hiyo hiyo? Nimejiuliza hivyo mara nyingi, na jibu pekee ninaloliona ni kwamba jikoni mla na mwenye jiko wanakaa mji mmoja na wana sauti zinazokaribiana. Bombani sivyo.

Jina lilipatikana Julai 1959: zebaki ya kikaboni. Serikali ya Japani ilikiri rasmi kwamba chanzo ni kiwanda tarehe 26 Septemba 1968. Miezi minne kabla ya hapo Chisso ilikuwa imekwisha kuacha njia ile ya uzalishaji, kwa kuwa ilikuwa imepitwa na wakati. Karibu miaka 12 ilipita kati ya kujua kwamba ni samaki na kusema kwamba ni bomba, na bomba likafungwa na biashara kabla halijafungwa na sheria.

Ndani ya miaka hiyo 12 kuna mambo matatu yanayonikosesha usingizi.

Dk. Hosokawa hakuridhika na kuandika ripoti. Alichukua maji kutoka kwenye mfereji wa sehemu ya asetaldehaidi, akayachanganya na chakula, akampa paka mmoja kila siku. Paka huyo anajulikana katika kumbukumbu kwa namba yake, 400. Oktoba 1959 paka namba 400 alianza kuyumba na kuzunguka kama wale wa vijijini. Daktari akapeleka habari kwa wakubwa wa kiwanda. Wakamzuia kuendelea na majaribio, na matokeo yakafichwa. Alitoa ushahidi wake mwaka 1970, akiwa kitandani hospitalini, anakufa kwa saratani. Simhukumu kwa wepesi mtu aliyenyamaza miaka ile akiwa mwajiriwa, maana yeye ndiye aliyeripoti ugonjwa, na yeye ndiye aliyesema mwishoni. Ila namfikiria kila ninapoambiwa kwamba kiwanda kimejipima chenyewe na hakikuona tatizo.

La pili ni bomba lenyewe. Septemba 1958, lawama zilipoanza kukielekea kiwanda, mdomo wa maji machafu ulihamishwa kutoka bandarini hadi kwenye mlango wa mto Minamata. Baada ya hapo wagonjwa wakaanza kuonekana katika maeneo mapya, upande ule maji yalikohamia. Mtu akitaka jaribio la kuthibitisha chanzo, hilo hapo, limefanywa kwa miili ya watu.

Na la tatu ni karatasi ya Desemba 1959. Kampuni iliwapa wagonjwa na wafiwa kile ilichokiita pesa za pole. Masharti yalisema kwamba hata ikija kugundulika kuwa maji ya kiwanda ndiyo chanzo, hawatadai tena. Waliosaini walikuwa wamemaliza akiba, hawawezi kuuza samaki, wanauguza watoto. Mahakama ya Kumamoto iliibatilisha karatasi hiyo tarehe 20 Machi 1973 kwa kuwa inakwenda kinyume cha maadili ya umma, lakini soma mpangilio wake: aliyeiandika alikuwa na habari za paka namba 400 mkononi, na aliyeisaini hakuwa nazo. Upande mmoja ulikuwa na jina. Upande wa pili ulikuwa na siku tu.

Kuna kauli moja ambayo nimeisikia mno kutoka kwa watu waliosoma: bahari ni kubwa. Maana yake, mwaga, maji yatapunguza makali. Lakini zebaki ya methili, ndiyo ile zebaki ya kikaboni ya Minamata, haitii hesabu hiyo. Vijimea visivyoonekana kwa macho huinasa kutoka majini. Vijidudu vinavyokula vijimea hivyo hubaki na zebaki ya mlo wao wote, kwa kuwa mwili huipokea upesi na kuitoa polepole sana. Samaki mdogo hurithi ya vijidudu, mkubwa hurithi ya wadogo, na kila ngazi inakaza kile ambacho maji yalikilegeza, mpaka samaki anayekula samaki wenzake awe na zebaki zaidi ya mara milioni ya iliyomo kwenye maji anayoogelea. Juu kabisa ya ngazi hiyo ameketi mvuvi, familia yake na paka wao. Nywele za mkazi mmoja wa pwani ile zilikutwa na zebaki sehemu 705 kwa milioni. Watu wa nje ya eneo hilo walikuwa na wastani wa sehemu 4. Karibu na mdomo wa mfereji, tani moja ya tope ilikutwa na kilo 2 za zebaki.

Wahenga walisema bahari iliko ndiko mito iendako. Walikuwa wakisema mambo mengine, najua, lakini kwa suala hili neno hilo ni kweli kama lilivyo. Mfereji wa kiwanda kilicho kilomita mia bara unaishia kwenye mdomo wa mtu wa pwani. Na hicho ndicho kinachoitofautisha pwani na mahali pengine: mtu wa pwani hawezi kumsukumia uchafu mtu mwingine wa chini yake. Chini yake hakuna mtu.

Sasa watoto. Hapa nitakaa kidogo.

Madaktari wa zama zile waliamini kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto aliye tumboni dhidi ya sumu. Katika vijiji vya Minamata walizaliwa watoto wasioweza kushika shingo, wasioweza kuongea, waliokakamaa mikono na miguu. Mama zao walikuwa na dalili ndogo tu, ganzi ya vidole, au hawakuwa na dalili kabisa. Kwa kuwa watoto wenyewe hawakuwahi kula samaki, ilisemwa kwamba huo ni ulemavu wa ubongo wa kawaida, hauhusiani na ugonjwa. Mama walikataa. Walikuwa wamehesabu: nyumba zipi, miaka ipi, watoto wangapi. Walisema sumu iliyomwangusha mwanangu mkubwa ndiyo iliyompata mdogo ndani ya tumbo langu, na kwamba mtoto ndiye aliyeibeba badala yangu. Daktari kijana, Masazumi Harada, alikubali kuwasikiliza, akawafuata nyumba kwa nyumba. Mwishoni mwa 1962 watoto 16 walitambuliwa rasmi kuwa wagonjwa wa Minamata. Leo kila mwanafunzi wa udaktari anafundishwa kwamba zebaki ya methili huvuka kondo la nyuma. Waliolijua kwanza ni akina mama wa wavuvi.

Familia nyingi za Japani huhifadhi kipande kikavu cha kitovu cha mtoto kwenye kisanduku kidogo, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Harada alivikusanya. Vilipopimwa, vilikuwa na zebaki ya methili, na kiwango chake kilipanda na kushuka mwaka kwa mwaka sambamba na uzalishaji wa asetaldehaidi kiwandani. Niliposoma jambo hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu. Kiwanda kilikuwa na daftari lake la uzalishaji, na kumbe mama nao walikuwa na lao, ndani ya visanduku, tarehe kwa tarehe.

Watu huuliza: kwa nini wakazi wa miji kama hiyo hawakuungana mapema wakakataa? Anayeuliza hivyo hajakaa karibu na kiwanda. Minamata iliishi kwa Chisso. Kodi, ajira, hospitali, vyote vilitoka humo. Mgonjwa aliyejitokeza alionekana adui wa riziki za wenzake. Binti wa nyumba yenye mgonjwa alikosa mchumba, kwa hiyo wazazi wakamficha mgonjwa. Uchafuzi wa viwanda huanza kwa kuua samaki, halafu unawagawa watu, na sehemu hii ya pili haina mashine ya kuisafisha.

Mwaka 2016 mgawanyo huo ulisemwa hadharani, bila kificho. Aprili mwaka ule samaki waliokufa walianza kuletwa na mawimbi kwenye fukwe za Vietnam ya kati, katika mikoa minne, zaidi ya kilomita 200 za pwani. Mvuvi mzamiaji alikuwa ameliona chini ya bahari bomba kubwa likitoka upande wa kiwanda kipya cha chuma cha Formosa, mkoani Ha Tinh. Afisa mmoja wa kampuni akawaambia waandishi wa habari kwamba haiwezekani kupata vyote, watu wachague samaki na kamba au kiwanda cha chuma. Jibu lilisambaa nchi nzima kwa maneno matatu: mimi nachagua samaki. Kampuni iliomba radhi kwa kauli ile, na mwisho wa Juni ilikubali kuwajibika kwa kumwaga sumu, zikiwamo fenoli na sianidi, ikalipa dola milioni 500. Niangalie tena tarehe: mzamiaji alisema Aprili, kampuni ikakubali Juni. Miezi miwili na siku kadhaa. Ukilinganisha na miaka 12 unaweza kuona kuna maendeleo, na nadhani yapo, lakini katika wiki hizo serikali ilikuwa imetangaza kwamba haijaona uhusiano wowote kati ya kiwanda na vifo vya samaki, na walioandamana wakakamatwa.

Jina likijulikana tangu mwanzo, mzozo huhamia kwenye kipimo. Hilo nilijifunza kwa watu wa Bodo, jamii ya wavuvi katika delta ya Niger, Nigeria. Huko hakuna aliyehitaji maabara. Mwaka 2008 bomba la mafuta ghafi la Shell lilipasuka mara mbili, na mafuta yakaingia kwenye vijito na mikoko. Mkoko hupumua kwa mizizi inayotokeza juu ya tope, na mafuta yakiipaka mizizi hiyo, mti unakosa hewa ukiwa umesimama. Mikoko ikifa, mahali samaki wanapozalia na kaa wanapojificha panakufa nayo. Kampuni ilishikilia kwamba mafuta yaliyomwagika kwa mara zote mbili ni kama mapipa 4,000. Wanajamii wakasema ni mengi zaidi ya hapo, tunajua yalimwagika siku ngapi. Kesi ikafika mahakama ya London. Kampuni ikakiri kwamba makadirio yake yalikuwa ya chini, na Januari 2015 ikakubali kulipa pauni milioni 55, sehemu kwa watu 15,600, sehemu kwa jamii nzima. Waliohesabu siku walikuwa sahihi tena. Kuhusu kusafisha, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilisema mwaka 2011 kwamba kuirejesha ardhi na maji ya Ogoni, ambamo Bodo imo, kunaweza kuchukua miaka 25 hadi 30. Mvuvi wa miaka 40 anayeambiwa hivyo anaambiwa kwamba hatavua tena.

Ninachokitaka mimi ni kidogo na kinawezekana. Ushahidi wa wavuvi wenye tarehe utoshe kusimamisha bomba, na mwenye bomba ndiye abebe mzigo wa kuthibitisha kwamba ni salama, kwa vipimo ambavyo yeye hakuvichagua. Kibali kihesabu sumu yote inayoingia baharini kwa mwaka, kwa kuwa kikomo cha kila lita peke yake kinamruhusu mtu kuongeza maji safi kwenye machafu na kufaulu mtihani bila kupunguza hata gramu moja. Wakaguzi waache kupima maji ya bomba siku ya ziara tu. Wapime tope, kome na chaza, viumbe wanaokaa mahali pamoja na kuchuja bahari mchana na usiku, maana miili yao inabeba habari za miezi. Marekani imekuwa ikiwapima hao kwenye pwani zake tangu 1986 kwa mpango maalumu. Na karatasi za fidia zenye sharti la kunyamaza zipigwe marufuku kokote zitakakoandikwa.

Mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki ulipitishwa mwaka 2013 mkoani Kumamoto, ukapewa jina la Minamata. Ulizitaka nchi wanachama ziache kutengeneza asetaldehaidi kwa zebaki kufikia mwaka 2018, nusu karne kamili tangu kiwanda kile kiache. Pale ghubani kwenyewe, wavu mrefu ulitandazwa tangu 1974 kuwazuia samaki wenye sumu wasitoke nje. Uliondolewa mwaka 1997. Miaka 23 wavuvi waliutazama wavu ambao kazi yake ilikuwa kulinda bahari dhidi ya samaki wao.

Nilirudi kwa yule mzee baada ya kusoma haya yote. Sikuwa na karatasi ya maabara ya kumpa. Nilimpelekea daftari lenye mistari na penseli, kwa kuwa wino hufutika ukiloa, nikamwomba mjukuu wake awe anaandika: tarehe, saa, maji yamejaa au yamepwa, upepo unatoka wapi, rangi, harufu, kilichokufa na idadi yake, na nani mwingine aliyeona. Nikamwambia achukue maji kwenye chupa ya kioo iliyooshwa, aijaze mpaka juu, aifunge, aiweke mahali pa baridi na gizani, aandike tarehe juu yake. Mzee alilishika daftari akalipima uzito kwa mkono.

"Hili watalisoma?"

Nilimwambia sijui, lakini siku ikifika wakiuliza tangu lini, liwepo la kujibu. Akampa mtoto. Ukurasa wa kwanza una mistari mitatu, kwa mwandiko mkubwa wa darasa la nne:

Jumamosi. Saa kumi na moja alfajiri, maji yanapwa. Meupe. Harufu ya kiberiti. Babu na watu wawili wameona.

Jumapili. Meupe tena, kidogo. Pweza mmoja amekufa.

Jumatatu. Hakuna. Ofisi zimefunguliwa.